Mkonge uliokufa umesimama: jinsi Tanga ilivyopanda na kushuka, na kwa nini anguko lilianza kabla hatujaliona

Ukitoka Segera kuja Tanga mjini, ukishaipita Hale unaanza kukutana na mkonge kushoto na kulia. Miaka ya 90 nilikuwa napita hapo kwenye basi na bibi yangu, na kitu nilichokuwa nakipenda ni milingoti, yani kila mmea umetoa mti mrefu katikati kama nguzo ya simu, shamba zima limejaa nguzo mpaka unapoishia upeo wa macho. Siku moja nikamwambia bibi ona shamba lilivyopendeza. Akaniambia, mjukuu wangu hapo hamna shamba tena, huo ni mkonge uliokufa umesimama.

Sikumwelewa, ukubwani ndo nikaelewa. Mkonge hutoa mlingoti mara moja tu maishani. Unaupanda, unasubiri kama miaka mitatu ndo ukate majani ya kwanza, halafu unaendelea kukata mwaka hadi mwaka, na ukifika miaka kumi hivi, wakati mwingine kabla ya hapo, wakati mwingine baadaye kidogo, unatoa mlingoti, unamwaga vitoto, unakufa. Kwa hiyo mkulima anayejua kazi anaanza kupanda shamba jipya wakati la zamani bado linakatwa vizuri tu. Shamba likijaa milingoti na pembeni yake huoni mkonge mchanga, ujue kuna mtu miaka mingi nyuma alitakiwa kupanda na hakupanda.

Nimeanza na hilo kwa sababu mijadala ya jamii kupanda na kushuka watu wanapenda kwenda Roma, Misri ya mafarao, na mimi sina tatizo na Roma, ila tuna kisa chetu hapa ambacho wazee waliokiishi bado wapo, na takwimu zipo, na ukikiangalia vizuri kinaonyesha kitu ambacho kwenye hadithi za dola za kale hakionekani kwa urahisi, nacho ni muda. Ule muda unaopita kati ya kosa na maumivu ya kosa.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani anaitwa Richard Hindorf, alikuwa anafanyia kazi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Asili ya mmea ni Mexico, kule Yucatán, ila wenyewe Mexico walikuwa hawataki mbegu itoke. Vikapitia Hamburg, safari ndefu, vilivyofika huku vikiwa hai ni 62. Sitini na mbili tu. Vikapandwa Kikokwe, Pangani, na hivo ndo vilivyozaa mashamba yote unayoyajua ya Tanga na Morogoro.

Hapo hapo kuna mzunguko mwingine mdogo watu wanaupita haraka. Pangani ndo ilikuwa mji mkubwa wa biashara wa pwani hii kwa misafara ya bara, pembe na watumwa vilitokea pale, na ndipo Abushiri alipowasha moto dhidi ya Wajerumani mwaka 1888. Lakini reli ilipoanza kujengwa, nayo mwaka huo huo wa 1893, ilianzia Tanga, ikafika Muheza 1896, ikaendelea Korogwe, Mombo, mpaka Moshi kabla ya vita ya kwanza. Meli na mizigo vikahamia Tanga. Pangani haikupigwa bomu wala haikupatwa na njaa, ilirukwa tu na reli, na mji ukawa kimya. Kwa hiyo Tanga ilianza kupanda kwa kuachwa kwa Pangani, hilo tuliweke akilini.

Mwaka 1913 mkonge ulikuwa ndo zao la kwanza la koloni kwa fedha za nje, kama tani 20,000. Vita ikaja, mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, baadaye mashamba ya Wajerumani yakanyang'anywa yakauzwa kwa Waingereza, Wagiriki, Wahindi. Miaka ya 30 bei ikaanguka dunia nzima. Hapo napita haraka kwa sababu kila mara mambo yalirudi kukaa sawa, na nadhani hilo ndo lilileta ugonjwa mmoja: watu wakazoea kwamba mkonge ukianguka unarudi wenyewe.

Na kweli ulirudi. Mwaka 1942 Wajapani walichukua Ufilipino na kisiwa cha Java, huko ndo zilikuwa zinatoka kamba za meli za dunia. Ghafla mkonge wa Tanganyika ukawa kitu cha vita, serikali ikakamata watu kwa nguvu kwenda kukata. Vita ikaisha, ikaja vita ya Korea, bei ya 1951 ikapaa. Wenye mashamba walipata hela ambazo hawajawahi kuziona. Nyumba kubwa za Tanga, bandari inayofanya kazi usiku na mchana, maduka ya mabarabara yenye namba, Tanga ile wazee wanayoikumbuka ilijengwa na singa, yani nyuzi za mkonge.

Babu yangu mzaa baba aliletwa wakati huo. Alikuwa Muha wa Kasulu, akachukuliwa na wale wa Silabu, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944 kukusanya watu wa kazi Kigoma, Songea, Mbeya, Ruanda-Urundi, mpaka Wamakonde na Wamakua wa Msumbiji. Wabondei, Wasambaa na Wadigo wenyewe wa hapa wengi hawakutaka mkonge, walikuwa na minazi na mihogo yao, kazi gani ya kuchomwa miiba. Waliokuja toka mbali wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Jina halikuwa na kazi kwenye daftari.

Babu alikuwa anaonyesha mkono wake wa kushoto. Jani la mkonge lina mwiba mweusi nchani, ukikata harakaharaka unaingia kwenye nyama na kuvunjikia humo. Majani yanafungwa mafungu ya 30, unatakiwa ufikishe idadi ya mafungu uliyopangiwa, ndo msimamizi anaweka alama kwenye kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Usipomaliza idadi, siku haihesabiki, hata kama umekata toka alfajiri. Kwa hiyo siku 30 za kadi mtu angeweza kuzimaliza kwa wiki sita. Babu alisema kuna watu walilia kwa kipande sio kwa mwiba.

Nasema hili kwa sababu ukiangalia chati ya uzalishaji miaka ya 50 mstari unapanda vizuri sana, na mtu anaweza kusema hiyo ndo maendeleo. Ilikuwa maendeleo ya nani? Mstari ulipanda, na babu alikuwa chini ya mstari akiubeba. Sitaki kumwambia mtu kwamba Tanga ile ilikuwa pepo, maana wazee wetu waliishi kwenye makambi ya vyumba vya mstari, familia na familia, na kulikuwa na migomo mingi kuanzia 1958 mpaka uhuru, vyama vya wafanyakazi vikapata nguvu, mishahara ikapanda. Hicho ndo kipindi ambacho manamba alianza kuwa mfanyakazi. Lakini upande wa pili wenye mashamba wakajibu kwa kupunguza watu. Kazi za kupalilia, kuandaa ardhi, kupanda upya, zikaanza kupungua kimyakimya. Kukata hakukupungua.

Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha kama tani 230,000 za singa. Ya kwanza duniani, hakuna nchi iliyotufikia. Sasa naomba tusimame hapa hapa kwenye kilele, kwa sababu kisa chote kiko hapa.

Bei ya 1963 na 1964 ilikuwa nzuri sana. 1965 ikaanza kuporomoka na ikaendelea kushuka. Sababu ya kwanza ni Brazil, wakulima wadogo wa Bahia walikuwa wanapanda kwa wingi na kuuza kwa bei ya chini. Sababu ya pili ni nyuzi za plastiki. Soko kubwa la mkonge wetu lilikuwa kamba za kufungia nyasi na ngano kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani, na plastiki ilikuwa nyepesi, haiozi, inatoka kiwandani siku yoyote. Mwenye shamba aliyekaa Tanga mwaka 1965 akapiga hesabu: kuandaa eka, kupanda, kupalilia, kusubiri miaka mitatu bila jani hata moja la kuuza, na huku bei inashuka, na nchi ni mpya hajui kesho nani atakuwa mwenye ardhi. Akaamua asipande. Akate ulioko.

Kwa akili ya mtu mmoja huo uamuzi unaeleweka kabisa. Na uzuri wake, kama naweza kuuita uzuri, ni kwamba hauumi. Mwaka 1966 singa zinatoka. 1967 zinatoka. Azimio la Arusha likatangazwa Februari 1967, Oktoba mwaka ule serikali ikachukua zaidi ya nusu ya mkonge wote, ikaundwa shirika la umma, na singa bado zinatoka. 1970 bado tuko kama tani 200,000. Aliyeangalia namba angesema mambo sio mabaya.

Lakini mashamba yalikuwa yanazeeka. Na shirika la umma, badala ya kuanza na kupanda, lilirithi mashamba makongwe, deni la kazi ya miaka iliyopita, na bei mbaya, halafu likafanya kile kile alichofanya mwenye shamba aliyeondoka: likakata ulioko. Ndo maana mimi nikisikia watu wanabishana, huyu anasema ujamaa ndo uliua mkonge, yule anasema hapana ni plastiki, huwa naona wote wamefika kwenye msiba siku ya tatu. Utaifishaji ulikuwa na makosa yake, ila mkonge mwingi uliopaswa kukatwa mwanzoni mwa miaka ya 70 ulitakiwa uwe ardhini kabla ya Arusha haijatangaza chochote.

Ushahidi mkubwa kwangu ni mwaka 1974. Bei ya mafuta ilipanda mwishoni mwa 1973, plastiki inatokana na mafuta, kwa hiyo kamba ya plastiki ikawa ghali na bei ya mkonge ikapaa mara kadhaa. Hii ndo nafasi ambayo kila mtu alikuwa anaiomba. Kama tatizo lingekuwa bei tu, Tanga ingefufuka mwaka ule. Uzalishaji wetu ukaendelea kushuka. Hela ipo mezani, majani ya kukata hayapo. Na hata ungepanda siku ile ile bei ilipopanda, ungekata 1977, na wakati huo bei ilikuwa imeshapoa. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi hivi kwamba neema inaweza kukupitia mlangoni ukiwa umekaa.

Baada ya hapo mambo yakaja kwa mfululizo, moja likivuta lingine. Silabu ilishafungwa katikati ya miaka ya 60, watu wapya hawakuletwa tena. Operesheni vijiji ya kuanzia 1973 ikavuta watu kwenda kwenye vijiji vyao wakalime chakula. Vita ya Kagera 1978, fedha za kigeni hamna, shilingi inashikiliwa juu kuliko thamani yake, kwa hiyo ukiuza singa nje unaporudishiwa shilingi hazitoshi kulipa wakataji. Korona, ile mashine kubwa ya kusaga majani, ikivunjika kifaa kimoja inasubiri miezi. Baba alifanya kazi korona miaka hiyo ya 80 mwanzoni. Alikuwa anasimulia kwamba mtu akikaribia shamba anajua kazi ipo au haipo kwa harufu, maana mabaki ya mkonge yakioza yana harufu kali ya uchachu, ndo harufu ya mshahara. Ilianza kukosekana siku moja kwa wiki, halafu siku tatu, halafu wakati fulani wakagundua kwamba upepo ni msafi wiki nzima. Mama zetu walilichukia lile harufu maisha yao yote, na siku lilipoisha wakaogopa.

Mwaka 1980 tulikuwa chini ya tani 100,000. Mwishoni mwa miaka ya 80 kama 30,000. Miaka ya 90 ikielekea mwisho tukawa karibu na 20,000, yani tumerudi pale pale alipotuacha Mjerumani mwaka 1913. Miaka 85, vita mbili kubwa, uhuru, Azimio, na namba imerudi kwenye mstari ule ule.

Na huko kushuka hakukuwa namba tu. Shamba la mkonge lilikuwa na zahanati yake, shule yake, bomba la maji, umeme wa jenereta, timu ya mpira, reli ndogo ya kubebea majani. Vyote vilining'inia kwenye singa. Kamba ilipokatika vikaanguka vyote pamoja, reli ndogo ikang'olewa ikauzwa chuma chakavu, maji yakakatika kambini, watu wakabaki wanaishi kwenye vyumba vya mwajiri ambaye hayupo, kwenye ardhi isiyo yao, mbali na kwao Kasulu au Mueda ya Msumbiji ambako hakuna anayewajua tena. Nimezaliwa kwenye chumba cha namna hiyo. Mlango ulikuwa bado na namba ya rangi nyeupe.

Ila kuna kitu hakikushuka, na hapa ndo napingana na wanaochora jamii kama mlima, unapanda upande huu unateremka upande ule basi. Watu walibaki. Muha akaoa Mbondei, Mmakonde akaoa Msambaa, watoto wakakua na Kiswahili tu kama lugha ya nyumbani. Mji ulishapata muziki wake, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwenye dansi, Black Star na akina Shakila kwenye taarab, na wasikilizaji wao wengi walikuwa watu wa mshahara wa bandari, reli na mkonge. Mshahara uliondoka, utani wa makabila, ngoma na undugu wa kambini havikuondoka. Na kwenye mashamba yaliyoachwa watu wakaanza kulima mahindi na mihogo katikati ya milingoti. Takwimu za serikali ziliona shamba lililokufa. Bibi aliona mahali pa kupanda kunde, ingawa kila msimu aliogopa kwamba atakuja mtu na karatasi amfukuze.

Kingine kilichobaki ni mbegu. Pale Mlingano, karibu na Ngomeni, kuna kituo cha utafiti tangu 1934, na pale ndo ilitengenezwa ile mbegu chotara namba 11648 inayotoa majani mengi kuliko mkonge wa kawaida. Miaka ya 60 Wachina waliichukua, wakaipanda kusini mwa nchi yao mpaka leo. Na leo China ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa singa zetu, kwa sababu yao haiwatoshi. Kitu kilichogunduliwa wakati tuko juu kikaenda kukaa kwa watu wengine, halafu kikarudi kama mteja.

Sasa hivi mstari unapanda tena. Mashamba yalianza kubinafsishwa miaka ya 90, Hale wakajenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge, kitu kizuri sana ukizingatia kwamba kwenye kilo 100 za majani unapata kilo 4 hivi tu za singa na zilizobaki zilikuwa zinamwagwa mtoni. Dunia imeanza kuichoka plastiki. Serikali imesukuma wakulima wadogo, uzalishaji umepita tani 40,000, na safari hii mwenye jani sio kampuni yenye manamba elfu peke yake, yupo na mkulima mwenye eka tano kumi. Hilo kwangu ni kubwa kuliko tani zenyewe, maana ndo mara ya kwanza mjukuu wa mwenye kipande anauza mkonge wake mwenyewe.

Lakini nina wasiwasi na ninausema. Watu wengi wamepanda kwa sababu bei ni nzuri, wote kwa pamoja, na wote watakata kwa pamoja. Korona hazitoshi, wakulima wanapanga foleni, na jani likishakatwa halisubiri, ukilichelewesha siku chache linakauka na singa inaharibika. Na ni nani anahesabu mashamba yatakayozeeka baada ya miaka kumi? Kwenye vikao nilivyohudhuria nasikia eka zilizopandwa, tani zilizouzwa, bei ya kilo. Sijasikia hata mara moja mtu akiuliza mwaka huu mkonge wenye miaka saba nane ni eka ngapi na wa mwaka mmoja ni eka ngapi. Hiyo ndo namba ambayo ingetuambia ukweli mwaka 1966, ingawa tani zilikuwa bado nyingi.

Jirani yangu, mzee ambaye baba yake alikuwa kambi moja na babu, ana eka sita, ya kwanza anaanza kuikata mwaka huu. Juzi alinipeleka akanionyesha, mkonge umekaa vizuri, mistari imenyooka, majani ya kijivu yanang'aa asubuhi. Nikamuuliza, mzee wangu, na wa kufuatia huu? Hakunijibu, akanishika mkono tukazunguka nyuma ya banda la mbuzi. Kulikuwa na kitalu kidogo kimezungushiwa miiba, vitoto vya mkonge vimepangwa kwa kamba, kila kimoja urefu wa kidole, kama mia nne hivi. Akainama, akang'oa gugu moja katikati yake.